Shajara ya Mradi: Kufufua Monita za Darasa la Kompyuta, Upande wa Bandarini, Tanga

Jumatatu, mwanzo wa Julai

Kazi niliyopokea ni kukagua monita zote za darasa la kompyuta la vijana lililopo ghorofani, upande wa bandarini hapa Tanga, na kuzirejesha kazini zile zinazoweza kurejeshwa. Nyingi ni za kioo bapa za inchi 17, za enzi ambayo mwanga wa nyuma ulitoka katika taa nyembamba za mrija na si katika LED, na zilifika darasani zikiwa zimeshatumika maofisini kwa miaka. Msimamizi wa darasa alikuwa ameambiwa na muuzaji mmoja kwamba vioo vimekufa na kwamba hakuna njia isipokuwa kununua vingine. Hukumu hiyo siipokei kabla ya kupima, kwa sababu katika monita za aina hii kioo chenyewe hudumu kuliko sehemu nyingine nyingi. Kinachotangulia kuchoka ni bodi ya umeme, na baada yake taa.

Sikushika bisibisi leo. Nimemwomba msimamizi daftari, na chini ya jina la kila monita (ya dirishani, ya mlangoni, ya mezani kwa mwalimu, na kadhalika) nimewataka wanafunzi waandike walichokiona kwa macho yao: kama kitaa cha mbele huwaka na kwa rangi gani, kama picha hutokea kisha ikapotea au haitokei kabisa, kama tatizo huwapo asubuhi tu au kutwa nzima. Kuambiwa tu kwamba monita ni mbovu hakumsaidii fundi hata kidogo. Kuambiwa kwamba huwaka kwa sekunde mbili kisha ikawa giza kunamsaidia sana, kwani maelezo hayo yanaonyesha mahali pa kutafuta kabla skrubu ya kwanza haijalegezwa.

Yaliyoandikwa ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Binti mmoja ameandika kuhusu monita ya dirishani kwamba asubuhi kitaa chake cha kijani hupepesa bila picha, kwamba akiiacha katika umeme bila kuizima hatimaye huwaka yenyewe, na kwamba ikishawaka haisumbui tena hadi kesho yake. Maelezo hayo yana karibu kila kitu ninachokihitaji.

Jumanne

Leo nimeshughulikia yaliyo nje ya monita, yaani soketi, nyaya, kompyuta na mipangilio yake. Hatua hii mafundi wengi huiruka kwa haraka ya kufungua kasha, na ni hasara kubwa, maana sehemu ya monita zinazotangazwa kuwa zimekufa huwa hazina ugonjwa wowote.

Kipimo ninachokitegemea zaidi hakihitaji chombo. Huchomoa kebo ya picha na kuiacha monita na umeme peke yake. Monita iliyo nzima, ikikosa ishara kutoka kwenye kompyuta, huandika ujumbe wake yenyewe kwamba hakuna ishara au kwamba kebo haijaunganishwa. Ujumbe huo ukionekana vizuri, basi bodi ya umeme, bodi kuu, kioo na taa vyote vinafanya kazi, na kosa litafutwe kwanza upande wa kebo au kompyuta. Kipimo cha pili kinafanana nacho: nafungua menyu ya monita yenyewe kwa vitufe vyake wakati picha ikiwa na kasoro. Menyu huzaliwa ndani ya monita na haipiti kwenye kebo. Kwa hiyo picha ikiwa na kasoro huku menyu ikiwa safi, kwa kawaida monita haina hatia.

Monita ya mlangoni imethibitisha jambo hilo. Picha yake yote ilikuwa imeingia rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, na karatasi nyeupe zilionekana kama zimechovywa katika maji ya bahari, lakini menyu yake ilikuwa na weupe kamili na wekundu kamili. Katika plagi ya VGA, yaani ile ya kebo ya picha yenye pini 15, pini ya kwanza hubeba nyekundu, ya pili kijani na ya tatu buluu. Nyekundu ikikatika, zinabaki kijani na buluu, na mchanganyiko wake ndio uleule tuliouona. Nilipoichomoa plagi na kuimulika kwa tochi niliikuta pini ya kwanza imefunikwa na kutu ya kijani ya shaba, na wenzake nao wameanza kubadilika rangi. Nimeisafisha kwa spiriti safi na brashi ya mswaki laini, nikaiacha ikauke, nikaichomeka na kuichomoa mara kadhaa ili vyuma vikwaruzane, na rangi imerudi.

Chanzo cha kutu hiyo kipo wazi kwa yeyote anayeishi mji huu. Madirisha ya darasa yanatazama ghuba, na wakati wa kusi upepo huingia moja kwa moja ukiwa na unyevu na chumvi. Chumvi hiyo ikitua juu ya chuma hunyonya maji hewani, na chuma kinabaki na utando wa majimaji hata siku ambayo mvua haijanyesha. Nimeagiza plagi zote zisafishwe, zikiwamo zile ambazo bado hazijalalamikiwa.

Monita mbili nyingine zimepona bila kufunguliwa. Moja ilikuwa ikitoa ujumbe kwamba ishara ipo nje ya kiwango, kwa kuwa kompyuta yake ilikuwa bado imepangwa kupeleka picha kwa hezi 85, yaani mara 85 kwa sekunde, mpangilio uliobaki tangu enzi ya monita kubwa za mgongo, ilhali hiki kioo bapa kinataka hezi 60. Ya pili ilikuwa na maandishi yenye ukungu. Kioo chake kina nukta 1280 kwa 1024, lakini kompyuta ilikuwa ikituma 1024 kwa 768, na monita ikalazimika kuitanua picha isiyolingana na nukta zake. Kompyuta ilikuwa imeshindwa kuitambua monita kwa sababu pini za 12 na 15, ambazo ndizo hupitisha utambulisho wake, nazo zilikuwa na kutu. Baada ya kusafisha, utambuzi umerudi na maandishi yamekaa sawa.

Soketi nimezipima pia. Umeme wetu kwa kawaida ni volti 230, na monita hizi zimeandikwa mgongoni kwamba hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo wa jioni ambao wengi huulaumu si adui mkubwa kwao. Ninachokiogopa zaidi ni kurudi kwa umeme baada ya kukatika, pamoja na ile nyaya ya kuunganishia iliyopo chini ya meza ya nyuma, ambayo tundu lake moja limeungua hadi plastiki ikageuka rangi. Hiyo nimeiondoa leo leo.

Jumatano

Monita ya dirishani imefunguliwa. Kwa kuwa kijana ninayejifunza naye kazi hii alikuwapo, nimeanza na usalama, na nauandika hapa kwa kirefu kwa sababu ndilo jambo la pekee katika kazi hii linaloweza kuua.

Umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa wa mkondo mmoja ndani ya bodi, hufikia takribani volti 325, na hukusanywa katika kapasita, yaani kipande kinachohifadhi umeme, moja kubwa iliyoandikwa volti 400 au 450. Kapasita hiyo inaweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa, hasa pale risista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme) ya kuimwaga chaji inapokuwa imekatika au bodi inapokuwa imekufa na hakuna kinachoutumia umeme ule. Sikubali mtu aguse miguu yake kwa bisibisi ili kuimaliza, kama wafanyavyo baadhi. Cheche ile hula bodi na inaweza kumdhuru mtu machoni. Tunatumia risista yenye omu elfu kadhaa na ukubwa wa wati 5, iliyofungwa kwenye nyaya zenye vishikio vya plastiki, tunaiweka kwa sekunde kadhaa, kisha tunapima kwa mita. Mita ikisoma karibu na sifuri ndipo mkono unaingia.

"Na kama mita imeharibika, fundi?" kijana aliuliza.

Nilimjibu kwamba kwanza tunaipima mita penye umeme tunaoufahamu, kisha tunapima kapasita, kisha tunairudisha tena penye umeme ule ule ili tuhakikishe haikufa katikati. Swali lake lilinifurahisha mno. Ni dalili kwamba anayashika mambo.

Kasha lenyewe halikusumbua. Kioo kimelazwa juu ya blanketi lililokunjwa, skrubu za mguu zimetoka, na vishikizo vya pembeni vimeachiwa kwa kadi ya plastiki badala ya bisibisi ili fremu isipate majeraha. Ndani kuna bodi ya umeme ambayo pia imebeba inveta, yaani sehemu inayozipa taa umeme wake, kuna bodi kuu inayopokea picha, na kuna kioo. Tatizo limeonekana papo hapo. Kapasita mbili za upande wa volti ndogo, zilizokaa kando ya bati la kupozea, zina vichwa vilivyovimba, na ya tatu, ambayo kwa macho haina kasoro, imepimwa na kukutwa imebaki na chini ya nusu ya uwezo wake ulioandikwa.

Hapa yafaa nieleze kwa nini monita hii huamka kwa shida asubuhi. Ndani ya kapasita ya aina hii kuna majimaji yanayopitisha umeme. Miaka ikipita na joto likiendelea, majimaji hukauka au hutoa gesi. Ndiyo sababu kichwa huvimba. Uwezo wake hupungua na ukinzani wake wa ndani hupanda, na ukinzani huo huwa mkubwa zaidi kapasita inapokuwa baridi. Asubuhi za Julai, baada ya usiku wa upepo wa kusi, bodi inapojaribu kuanza hukuta umeme wake unayumba, mlinzi wake wa ndani huizima, nayo hujaribu tena; kila jaribio ni mpepeso mmoja wa kile kitaa cha kijani. Majaribio hayo yenyewe huipasha kapasita joto kidogo kidogo, ukinzani unashuka, hadi mwishowe bodi inaanza kazi. Binti aliyeandika daftarini kwamba ikiachwa huwaka yenyewe alikuwa ameuona ugonjwa wote bila kuifungua monita.

Aliyemwambia msimamizi kwamba kioo kimekufa angemtoza bei ya monita mpya kwa ajili ya vipande vitatu vinavyotosha katika kiganja cha mkono. Jambo hili linaniuma, kwa kuwa darasa hili halina fedha za kununua monita nyingine, na vijana wangebaki wakigombania zilizosalia.

Alhamisi

Siku ya kutafuta spea. Nimezunguka maduka ya Ngamiani na nimepata kapasita zenye thamani ninayoitaka, mikrofaradi 1000 kwa volti 25 na mikrofaradi 470 kwa volti 25 (mikrofaradi ni kipimo cha uwezo wa kapasita), lakini zote zimeandikwa nyuzi 85, yaani kiwango cha juu cha joto lake, na baadhi zilikuwa zimeng'olewa katika redio za zamani. Sikuzinunua.

Sababu ni hesabu. Kanuni inayotumiwa na mafundi na watengenezaji ni kwamba kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10 chini ya kiwango kilichoandikwa, maisha ya kapasita huongezeka maradufu. Kapasita iliyoandikwa saa 2000 kwa nyuzi 105, ikifanya kazi katika nyuzi 65, ambalo si joto la ajabu kando ya bati la kupozea ndani ya kasha jembamba, hufikia saa 32,000. Iliyoandikwa saa 2000 kwa nyuzi 85, katika joto lile lile, hufikia saa 8,000 tu. Darasa likifanya kazi saa 8 kwa siku, tofauti hiyo ni kati ya siku 4000 za masomo na siku 1000. Ni kadirio, si ahadi, lakini linatosha kumwonyesha mtu kwa nini akiba ya shilingi chache kwenye kaunta ya duka hurudi kama ubovu ule ule.

Nimeagiza za nyuzi 105, zenye ukinzani mdogo wa ndani, kutoka Kariakoo, na mzigo utapakiwa katika basi la usiku.

Ijumaa

Mzigo umefika stendi ya Kange asubuhi. Baada ya sala ya Ijumaa tumekaa kazini.

Kijana alitaka kujua kwa nini tusitumie kapasita za volti 16 tulizokuwa nazo sandukuni, ikiwa mita inasoma volti 14 pale zinapokaa. Swali ni la haki. Volti 14 ni kipimo cha wakati taa zinawaka na mzigo upo. Taa zikizimika ghafla, mstari huo unaweza kupanda kwa muda mfupi, na kapasita inayofanya kazi kwenye ukingo wa kiwango chake haiishi maisha yake. Volti inaweza kuwa sawa na ya awali au kubwa zaidi, kamwe isiwe ndogo. Uwezo uwe ule ule au karibu nao. Kipenyo na urefu vipimwe kwa rula kabla ya kununua, maana kapasita ndefu kupita kiasi huzuia kasha lisifungike, au kichwa chake kikagusa bati la juu.

Upande hasi umechorwa mstari ubavuni mwa kapasita, na kwenye bodi una alama yake. Tumepiga picha ya bodi kwa simu kabla ya kung'oa chochote. Risasi ya kulehemu ya zamani ni ngumu kuyeyuka, hivyo tumeongeza kidogo ya mpya juu yake ili ilainike kwa pamoja, kisha tumeifyonza na kusafisha matundu bila kuivuta shaba ya bodi. Nimemwachia kijana aiweke kapasita ya tatu peke yake, na kiungo chake kimetoka king'avu na laini.

Kabla ya kuipa umeme wa moja kwa moja, tumeiunganisha bodi kupitia balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, iliyofungwa kwa mfululizo. Kama kuna mahali umeme umegusana isivyopaswa, balbu huwaka kwa nguvu na bodi inasalimika. Kama hakuna, balbu hupepesa mara moja kisha hufifia. Yetu imefifia. Mita imesoma volti 5 na zaidi kidogo kwenye mstari wa bodi kuu, na 14 kwenye mstari wa inveta, na sindano ya mita ya kizamani imetulia pale pale bila kutikisika.

Monita imewaka mara moja. Hata hivyo sijaandika kwamba imepona. Ugonjwa wake ulikuwa wa asubuhi, na kuwaka kwake alasiri hakuthibitishi kitu. Tumeichomoa na kuiacha pale pale dirishani, katika upepo ule ule, usiku mzima.

Jumamosi

Asubuhi na mapema, kabla jua halijafika chumbani, imewaka kwa mguso wa kwanza.

Msimamizi alipofika alikuta picha ipo. "Shikamoo fundi, kwa hiyo kioo hakikufa?" Nilimwitikia na kumwonyesha vile vipande vitatu vilivyochoka, nikamwachia avihifadhi mezani kwake, ili muuzaji yule akirudi aonyeshwe.

Jumatatu iliyofuata

Leo ni zamu ya monita ya mezani kwa mwalimu, ile inayowaka kwa sekunde mbili kisha kuwa giza. Kitaa cha mbele kinabaki kijani, jambo linaloonyesha kwamba bodi kuu inaamini kuwa kila kitu kiko sawa. Tumezima taa za chumba na kumulika kioo kwa tochi kwa upande, karibu kabisa na uso wake. Picha ipo. Imefifia sana, lakini aikoni za mezani zinasomeka. Kioo, bodi kuu na kebo vimeondoka katika orodha ya washukiwa kwa tendo hilo moja. Kilichobaki ni mwanga wa nyuma.

Katika monita hii kuna taa nne za mrija, mbili juu na mbili chini, kila moja nyembamba kuliko penseli. Hazitumii umeme mdogo. Inveta huzipa zaidi ya volti 1000 za kuziwasha, kisha mamia ya volti za kuziendeleza, kwa mtetemo wa makumi ya maelfu ya hezi. Inveta hupima mkondo wa kila taa, na moja ikilegea au kutofautiana na wenzake, huzima zote kwa usalama. Sekunde zile mbili ni muda wa inveta kugundua kasoro.

Kasoro inaweza kuwa katika taa au katika transfoma ya inveta. Tumeanza na transfoma kwa kuwa ni rahisi: umeme ukiwa umechomolewa, tumepima ukinzani wa upande wa volti kubwa wa kila moja. Sikuhitaji kujua namba sahihi kutoka kiwandani. Nilihitaji zifanane, na zimefanana. Kisha tumeazima taa nzima kutoka kwenye monita yenye kioo kilichopasuka, tumeichomeka nje ya kioo mahali pa kila taa kwa zamu, tukizima na kuondoa umeme kila tunapohamisha. Ilipokaa mahali pa taa ya pili ya chini, mwanga haukuzimika tena. Taa ile ya chini tulipoitazama ncha zake zimekuwa nyeusi, na mwanga wake ulikuwa wa waridi badala ya mweupe.

Kubadilisha taa maana yake ni kuifungua fremu ya kioo chenyewe, na hapo adui ni vumbi. Kati ya taa na kioo kuna karatasi za plastiki zinazosambaza mwanga; punje moja ikiingia baina yake hubaki kuwa doa milele. Kwa hiyo tumefunga madirisha, jambo gumu katika joto la adhuhuri, tumezima feni, tumepangusa sakafu kwa maji na kusubiri vumbi litue. Taa ina zebaki ndani yake kwa kiasi kidogo, na kioo chake ni chembamba sana, hivyo ya zamani tumeitoa nzima na kuizungushia gazeti na kuiweka ndani ya bomba la plastiki lililozibwa. Haitatupwa jalalani, wala haitaachwa mahali ambapo watoto wanaweza kuichezea.

Nimefikiria kwa makini kama ingefaa kuondoa taa zote na kuweka ukanda wa LED, ambao sasa unapatikana kwa urahisi pamoja na bodi yake ndogo ya kuuendesha. Ni njia nzuri pale ambapo taa hazipatikani tena, na unahitaji nyaya za umeme, za uardhi, za amri ya kuwaka na za kupunguza mwanga, ambazo zote zimo kwenye plagi ya inveta. Lakini mara nyingi rangi huelemea ubuluu, na mwalimu hutumia monita hii kufundishia uhariri wa picha. Kwa kuwa tunayo taa ya asili iliyo nzima, nimeichagua hiyo.

Jumanne

Monita ya mezani kwa mwalimu imewaka tangu asubuhi hadi darasa kufungwa. Mwanga wa chini umesawazika na wa juu.

Monita yenye mistari ya wima upande wa kulia nimeikataa. Nilipobonyeza kwa wepesi ukingo wa juu wa fremu, mistari miwili ilipotea kisha ikarudi. Hiyo ni alama kwamba utepe unaobeba ishara umeanza kuachana na kioo pale ulipobandikwa kiwandani. Wapo wanaoweka kipande cha raba ili kiukandamize utepe, na mistari hupotea kwa muda. Sitaki kulikabidhi darasa kitu ambacho najua kitarudi kuharibika, na mashine ya kubandika utepe huo haipo katika karakana ya mtaani. Bodi yake ya umeme ni nzuri na taa zake ni nzuri, kwa hiyo inabaki kuwa ghala la spea, nasi tumeshaandika juu yake kipi kimo na kipi kimetolewa.

Alhamisi

Mambo ya chumba. Tumekubaliana na msimamizi kwamba meza za dirishani zisogezwe ndani, na monita zitazame ukuta wa mashariki. Vifuniko vya kitambaa vishonwe kwa ajili ya jioni, ila visiwekwe mara tu baada ya kuzima, kwa maana joto lililobaki na unyevu vikifungiwa pamoja ni mbegu ya kutu nyingine. Matundu ya juu ya kasha yasizibwe kwa daftari wala kwa mtandio. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji, kamwe kisipuliziwe dawa ya kusafishia madirisha, ambayo huharibu utando wa juu na maji yake huteremka hadi ukingo wa chini palipo na viungo vya umeme. Umeme ukikatika, plagi zichomolewe na zisirudishwe hadi umeme utulie. Wakati wa masika, hata likizo ikiwapo, kila monita iwashwe walau mara moja kwa wiki ili joto lake likaushe unyevu wa ndani.

Wanafunzi wameyaandika haya ukutani kwa mwandiko mkubwa. Wameongeza wenyewe sharti la kutogusa kioo kwa ncha ya kalamu, nami nimeliunga mkono.

Ijumaa

Kila monita iliyofunguliwa sasa ina karatasi ndogo iliyobandikwa mgongoni, ikieleza dalili iliyokuwapo, kipande kilichobadilishwa, thamani yake na kiwango chake cha joto, pamoja na mwezi wa kazi. Fundi atakayekuja baada yangu hatalazimika kukisia.

Imebaki monita moja, ile ya kona ya nyuma, ambayo bodi yake ya umeme ina fyuzi iliyokatika na daiodi mbili za kugeuza umeme zilizoungua. Fyuzi sijaibadilisha peke yake, kwa sababu haikatiki bila sababu, na mpya ingekatika vile vile. Daiodi na transista yake kubwa nimeziagiza pamoja katika mzigo wa wiki ijayo, na zikifika bodi itapitishwa kwanza katika ile balbu ya wati 60.